Shukrani Kabla ya Nyuzi Kutolewa

Baba mkwe wangu alipopasuliwa ngiri, watoto wake waliamua kumshukuru Mungu kabla nyuzi hazijatolewa. Huku kwetu mlimani sisi ni watu wa kushukuru. Mtu akifaulu mtihani tunashukuru, akinunua gari tunashukuru, gari likipinduka naye akatoka mzima tunashukuru tena, na kila shukrani ina kamati.

Mimi niliolewa na mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Kwa desturi, mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chao, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Mume wangu alibaki. Kisha akafa. Aliamka akasema kichwa kinamuuma, nikamwekea chai, na kabla chai haijapoa alikuwa ameanguka. Mama mkwe alikuwa ametangulia zamani. Nyumbani tukabaki mimi, wanangu, ng'ombe na baba. Watu wawili wenye msiba mmoja hawana mengi ya kuongea. Yeye alikuwa amepoteza mwana, mimi mume, na jioni tulikaa tukanywa chai.

Ngiri yenyewe ilikuwa ya kinena. Mkwe wa kike hapaswi kumwona baba mkwe wake hata akiwa bila shati, sembuse kinena. Chumbani kwake siingii. Naweka chakula mezani, nagonga mlango, naondoka. Kwa hiyo nyumba nzima tulikubaliana bila kukubaliana kwamba baba anaumwa mguu. Tulisema anakwenda kupasuliwa mguu. Jirani mmoja alimletea mkongojo mzuri wa mti mgumu, na baba akaupokea kwa heshima na kuutumia, maana angeeleza nini?

Operesheni ilikwenda vizuri, hospitalini mjini Moshi. Siku ya kumtoa, muuguzi alitueleza taratibu kama anayesomesha watoto. Asibebe kitu kizito. Kidonda kisafishwe kituo cha afya kilicho karibu, asikiguse mwenyewe. Na tukiona mshono unavimba, unakuwa wa moto, unatoa maji au unanuka, au mzee akipata homa, tumrudishe hapohapo, tusingoje tarehe ya kliniki.

"Sawa dada," alijibu shemeji yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kutoka Dar. Alijibu "sawa dada" kwa kila neno, huku akimpiga picha baba akipanda gari.

Picha ile iliingia kwenye kundi la ukoo kwenye simu kabla hatujatoka getini. Baada ya muda mfupi lilikuwepo kundi jipya, la shukrani, lenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti alikuwa shemeji huyohuyo. Alirudi Dar kuliongoza.

Kituo chetu cha afya hakiko mbali. Mimi ndiye niliyempeleka baba, kwa bodaboda iendayo polepole. Alipoitwa ndani hakukaa. Alitoka amekunja uso, akaniambia twende nyumbani.

"Wamekusafisha, baba?"

"Unamjua yule binti aliyeko mle ndani?"

Nilimjua. Ni muuguzi, mjukuu wa watu wa bondeni.

"Mimi ndiye msimamizi wake wa ubatizo," alisema baba. "Nimemshika yule mtoto kichwa akimwagiwa maji. Leo nimvulie suruali?"

"Baba, ameshaona wengi."

"Hao wengi hawakusimamia ubatizo wake."

Hapo hakuna mkwe anayeweza kuongeza neno. Tukarudi.

Tangu siku hiyo kidonda kikapata daktari mwingine. Alikuwa jirani aliyepata kipaimara pamoja na baba, rafiki yake wa maisha yote, mwenye ushauri kwa kila ugonjwa wa mtu na wa mgomba. Alikuja kila asubuhi, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisikia wakinong'ona na kuguna. Akitoka, aliniambia kwa sauti ya mganga mkuu:

"Mama, usiwe na wasiwasi. Kinakauka. Kimeshakuwa cheusi kabisa."

Yeye ndiye mtu pekee aliyekiona kidonda kile, naye ana mtoto wa jicho macho yote mawili.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu ya kahawa. Kwa mgeni hilo si ajabu, kwa kuwa miti ya kahawa inagusa dirisha. Lakini sisi kahawa tunailima, hatuinywi. Tunaichuma, tunaimenya, tunaianika, tunaiuza, kisha tunanunua majani ya chai. Harufu ya kahawa ya kukaanga ndani ya nyumba yetu ilikuwa jambo geni kama harufu ya samaki kanisani. Ilitoka chini ya mlango wa baba. Na chini ya hiyo kahawa kulikuwa na harufu nyingine, nzito, yenye utamu mbaya, kama ndizi iliyosahaulika ndani ya gunia.

Niligonga mlango. "Baba, u mzima?"

"Mimi mzima."

"Nasikia harufu."

"Ni kahawa," alisema. "Inakausha."

Nilimpigia shemeji Dar.

"Shemeji, baba ana harufu."

"Harufu gani?"

"Ya kidonda."

"Umekiona?"

"Nitakionaje, shemeji? Hebu niambie wewe nitakionaje."

"Basi subiri." Akakata, akampigia baba kwa video.

Niliona maandalizi ya simu ile nikiwa uwanjani. Baba alivaa koti lake la kanisani, akavaa kofia, akakaa kwenye kiti chenye mgongo, na rafiki yake akaishika simu mbali kidogo ili mkongojo uonekane. Wanawe wa Dar wakamwambia ainue mkono. Akainua. Wakamwambia acheke. Akacheka. Dar nzima ilifurahi. Kundi likajaa mikono ya kusali, na katibu akaandika kwamba baba amerudi kuwa kijana.

Baadaye shemeji alinipigia, kwa upole wa kweli.

"Shemeji, tumemwona. Yuko vizuri sana, aisee. Mimi nakuelewa. Una msiba. Mtu mwenye msiba anaona kifo kila mahali."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu, maana hayakuwa ya uongo. Baada ya mume wangu kufa, kila mwanangu aliposema kichwa kinamuuma mimi niliona jeneza. Ng'ombe akikohoa nilimwita mganga wa mifugo. Kwa hiyo nilipokuwa napita mbele ya mlango wa baba sikujua kama nilichokuwa nakinusa ni kidonda au ni majonzi yangu mwenyewe. Nilitoka nje, nikavuta hewa ya migombani, nikarudi ndani. Harufu ilikuwa bado pale pale.

Kisha wifi yangu akaja kutoka Sanya Juu, alikoolewa, akiwa na magunia ya ulezi juu ya pikapu. Kamati ilikuwa imemkabidhi kazi ya kupika pombe. Ndizi za kihamba chetu hazikutosha ukubwa wa shukrani, akashuka soko la Kiboriloni kuongeza. Uwanja ukajaa masufuria. Ndizi zikachemshwa, zikakaa, zikachujwa, na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikaanza kazi yake.

Nilimfuata akiwa anakoroga.

"Wifi, tumrudishe baba hospitali."

"Lini?"

"Leo."

Akaacha kukoroga. "Leo nimeshachanganya ulezi."

Kwa asiyejua, nieleze. Mbege ikishachanganywa ulezi haina subira. Inaiva siku yake, na siku hiyo lazima watu wawepo, la sivyo inageuka kuwa siki. Harusi inaweza kuahirishwa, hata padri anaweza kuahirishwa. Mbege haiahirishwi. Wifi alipochanganya ulezi alikuwa amepanga tarehe ambayo baba angekuwa mzima, atake asitake.

"Kanuse tu pale mlangoni," nilimwambia.

Akaenda, akanusa, akarudi. "Mimi nasikia pombe tu," alisema, na sidhani alidanganya. Alikuwa ameinamia sufuria tangu alfajiri. "Na wewe, wifi, tafadhali, Jumamosi vaa sare. Kitenge chako kiko kwenye mfuko. Hiyo nyeusi yako ya msiba itatuharibia picha."

Chumbani na yeye hakuingia kuangalia. Ni binti yake, na binti naye ana mipaka yake. Wenye ruhusa ya kukiangalia kidonda kile walikuwa wanawe wa kiume, nao walikuwa Dar wakipiga kura kuhusu rangi ya turubai.

Siku zile za mwisho baba aliacha kumaliza chakula. Nilimpikia mtori, ndizi na nyama zilizopondwa mpaka zikalainika, chakula tunachompa mtu tunayetaka aishi, na bakuli lilirudi limejaa. Alianza kuvaa koti mchana, jua likiwaka. Mkono wake ulipopokea kikombe ulikuwa wa moto kuliko kikombe.

"Baba, nimwite yule muuguzi aje hapahapa? Nitatoka, sitakuwepo."

Aliangalia uwanjani, mahali vijana walipokuwa wakisimamisha nguzo za turubai.

"Watu wameshaalikwa, mkwe," alisema. "Jumamosi si mbali."

Jumamosi ikafika, na shemeji mkubwa akafika asubuhi hiyo kutoka Dar. Turubai lilikuwa la dhahabu na nyeupe. MC alitoka Njoro akiwa na spika ndefu kuliko yeye. Baba aliketishwa kwenye kiti cha maharusi, kile cha kukodi chenye mgongo kama mkia wa tausi, akavikwa shada la karatasi za kung'aa shingoni. Mbele yake aliwekwa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa na majani mdomoni, akionekana mwenye afya kuliko mwenye sherehe. Watu wote walivaa kitenge cha njano. Mimi nilivaa nyeusi, nikakaa nyuma ili nisiharibu picha.

Sala ilisaliwa, katibu akasoma historia ya mguu, kwa sababu hata kwenye spika ulibaki kuwa mguu. Rafiki wa baba akapewa nafasi, akaeleza jinsi sayansi ya wazee isivyopaswa kudharauliwa. Makofi. Kisha MC akaangaza macho.

"Sasa jamani, shukrani haikamiliki bila muuguzi! Yuko wapi mkwe wa nyumba hii, aliyemlea baba mpaka akapona? Mama, njoo! Usituonee aibu! Vigelegele!"

Walinisukuma mpaka mbele. Nisiseme kwamba nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kusema "asanteni kwa kuja" na kurudi kwenye kiti changu. Lakini MC alinisimamisha kando ya kile kiti cha tausi, karibu na baba kuliko nilivyowahi kusimama, na hewa ya pale ikanijia yote kwa pamoja. Nilimtazama usoni. Alikuwa akitetemeka, na jasho lilikuwa likishuka kutoka chini ya kofia. Nikaona sina maneno mengine.

"Baba hajapona," nilisema, na spika ikayapeleka mpaka kwa majirani. "Ana homa. Kidonda chake kimeoza. Baba ananuka."

"Makofi kwa mama!" akasema MC, kwa mazoea.

Watu wakapiga makofi, kwa mazoea. Kisha makofi yakafa kuanzia mbele kwenda nyuma, jinsi kila mstari ulivyokuwa ukielewa.

"Mnyang'anyeni hiyo maiki!" Hiyo ilikuwa sauti ya wifi. "Anamtukana baba! Kwenye shukrani yake!"

"Shemeji," alisema mwenyekiti kwa meno yaliyofungwa, "kaa chini. Tutaongea."

Bibi mmoja alisema Yesu na Maria, akafunika uso kwa kitenge. Mjomba mmoja akauliza kama mimi nimeonja pombe. MC akamkonyeza kijana wa muziki, muziki ukaanza, ukazimwa, ukaanza tena.

Baba akainua mkono. Ulikuwa mkono uleule aliouinua kwenye video, ila sasa haukupanda sana. MC akamwekea maiki mdomoni.

"Mkwe anasema kweli," alisema. Akapumua. "Nilikuwa nasubiri muonje pombe kwanza."

Mtu angedhani hapo tungekimbia. La. Kamati iliitisha kikao cha dharura nyuma ya turubai. Kulikuwa na hoja kwamba ndafu akatwe kwanza, kwa kuwa aliyealika hawezi kuondoka kabla wageni hawajala. Kulikuwa na hoja kwamba waende watu wachache na shukrani iendelee bila anayeshukuriwa. Katikati ya kikao shemeji mkubwa alirudi kumwuliza baba maoni yake, akainama sikioni kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kumkaribia tangu siku ya kumpiga picha. Alikaa vile ameinama kwa muda. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Aisee," alisema. Alivua koti la suti, akampa mtu, akampitishia baba mikono chini ya mapaja na kumbeba kama mtoto.

Gari lake lilikuwa limezibwa na mengine. Kwa mara ya kwanza siku ile MC akafanya kazi yenye faida. Alitangaza kila gari lililoziba njia, kwa rangi na kwa aina, na aliyechelewa alitajwa kwa ukoo wake. Nilipanda nyuma, baba amelala, kichwa mapajani mwangu. Desturi haisemi chochote kuhusu hilo, labda kwa sababu aliyeitunga hakuwahi kushuka mlima na mtu anayeungua kwa homa. Rafiki yake alikaa mbele, na kikombe chake cha mbege mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akiache.

Daktari tuliyemkuta hospitalini alikuwa binti, kijana kuliko yule muuguzi wa kijijini. Baba alimtazama, akafumba macho, akajiachia. Baada ya muda daktari akatoka.

"Nani alimwekea vitu vyeusi?"

"Kahawa," alisema rafiki yake.

"Kahawa?"

"Ya kukaanga. Nimeisaga mwenyewe nyumbani, siyo ya dukani."

Daktari alimtazama, akatazama kikombe, akaamua kuongea na shemeji. Alisema mshono umeziba juu, ila chini kuna usaha, na ni lazima waufungue wote, wasafishe na kuuacha wazi ujae wenyewe kutoka chini. Alisema tusishtuke tukiona shimo, kwani kidonda cha namna hii kikifungwa mapema ndipo kinapoua. Kisha akatuuliza sukari ya mzee huwa ni ngapi. Hakuna aliyewahi kuuliza. Ilikuwa juu sana, akasema, na sukari ikiwa juu kidonda hakisikii dawa. Hilo hata pua yangu haikulijua. Wageni walikuwa wakimletea kreti za soda kila siku, tukawashukuru.

"Atapona?" shemeji akauliza.

"Sumu imeanza kuingia kwenye damu. Tumempa dawa. Mniachie kwanza nifanye kazi."

Tulikaa kwenye benchi. Simu ya shemeji haikunyamaza. Wale waliobaki Dar hawakuwa na habari, na waliendelea kutuma keki, mishumaa na mikono ya kusali, baba hongera, baba uishi miaka mingi. Yeye aliishika bila kuifungua. Nikamwona analia, mwenyekiti wa kamati, na shati lake la kitenge cha njano.

"Ulijuaje, shemeji?"

"Sikujua. Ningejua ningemvuta kwa nguvu. Nilinusa tu."

"Mimi nilimwona kwenye simu. Alicheka."

"Kwenye simu hanuki," nilimwambia. Sikusema kwa kumchoma. Tulikuwa tumechoka wote wawili.

Walimfungua, wakamsafisha. Siku za kwanza hakututambua vizuri, akaniita kwa jina la mama mkwe, nami nikaitika, nikijiambia kwamba nikimnyima jibu hilo huenda akamfuata. Kisha homa ikashuka. Akaomba chai, akaambiwa bila sukari, akakasirika. Hapo tukajua amerudi.

Alipofika nyumbani, kidonda kikiwa bado wazi, alipelekwa kituo cha afya kila siku. Yule binti wa ubatizo alimsafisha. Baba alisema siku ya kwanza aliangalia dari na kusali rozari, na siku zilizofuata walikuwa wakiongea bei ya mbolea.

Lakini ukoo ulikuwa haujamaliza na mimi. Rafiki yake alikuja na wazee wengine, wakaketi, wakaniita.

"Mama," alisema, "kwamba ulisema kweli, hatubishi. Lakini umemvua nguo baba yako mbele ya watu. Kweli ina mahali pake."

"Ningeisemea wapi, wazee wangu? Niliisema kwenye simu, nikaisema jikoni, nikaisema mlangoni."

"Hata hivyo," alisema mwingine.

Kwetu mtu akiomba msamaha kwa uzito anapeleka isale, jani refu la ule mmea tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba. Ukiletewa isale huwezi kukataa, hata kama aliyekukosea amekuchomea nyumba. Nilikwenda kwenye ua, nikachuma jani, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa. Mlango wa baba ulikuwa wazi, amekaa kitandani, shuka mpaka kifuani. Nilisimama kizingitini, nikapiga goti, nikalinyoosha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo la nini?"

"La kuomba msamaha."

"Kwa sababu ulisema uongo?"

"Hapana, baba. Kwa sababu nilisema."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akajishika pale penye shimo, akaguna kwa maumivu, akaendelea kucheka. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea.

"Isale halikataliwi," alisema. "Nimelipokea. Sasa simama papo hapo. Unasikia harufu gani?"

Nilivuta hewa taratibu, maana lilikuwa swali la maana na yeye hakuwa akitania tena.

"Sabuni," nilisema. "Na dawa ya hospitali. Na wewe mwenyewe, baba, kidogo."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Nikianza tena?"

"Nitasema."

Baba aliliweka isale kwenye meza ndogo, karibu na dawa zake.

"Sema," alisema. "Ila kwa sauti ya kawaida, mkwe. Bila spika."